Walinzi wa Moto: Alamu Isiyonusa Samaki

Mkono uliomdaka Fathiya begani, msomaji wangu, haukuwa wa jambazi wala wa mzuka. Ulikuwa unanuka chumvi.

"Weye, usipige makelele!" sauti ilinong'ona sikioni mwake. "Ni mimi!"

Wiki jana tulimwacha Fathiya Abdulhalim, mlinzi wa moto katika kiwanda cha umeme wa nyuklia cha Heron Bend, mwendo wa saa nzima kutoka Saint Paul, Marekani, amesimama mlangoni mwa chumba cha kulia cha Jengo la Nne. Moshi umetanda hadi darini. Kinywa kiko wazi, yowe limeshafika kwenye ulimi. Ndipo mkono ukamshika.

Aligeuka. Kumbe Bernardine!

Bernardine Uwineza ni shoga yake, Mkongomani wa Goma, mwenye sauti ya juu kuliko wote katika kwaya ya kanisa lake kule Oakdale. Naye ni mlinzi wa moto vilevile.

"Bernardine, kunaungua!"

"Haiko moto. Iko samaki."

"Samaki?"

"Makayabu yangu. Niliweka ndani ya maikrowevu, nikaenda toilette kidogo, nikarudi, voilà."

Fathiya alikimbia akafungua mlango wa maikrowevu. Wingu jeusi likamrukia usoni kama paka. Juu ya sahani, kipande cha samaki mkavu wa chumvi kilikuwa kimejikunja na kuwa cheusi tititi.

"Huyu si samaki tena, shoga yangu. Hii ni soli ya kiatu."

"Usimutukane. Ametoka mbali kuliko weye."

Waliangua kicheko. Walicheka huku wakikohoa, wakakohoa huku wakicheka, Bernardine akapepea moshi kwa vesti yake ya kazi, Fathiya akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi. Kisha Fathiya akatazama juu. Kicheko kikamkauka.

"Bernardine."

"Eh?"

"Mbona hailii?"

Alamu ya moshi ilikuwa pale pale darini, duara jeupe, juu ya maikrowevu kabisa. Moshi ulikuwa ukiilamba. Nayo imekaa kimya kama bibi harusi.

Hapa ngoja nikueleze jambo moja, tuwe pamoja. Kiwandani mle, kila mahali palipo na alamu mbovu huwekwa mtu badala yake. Mtu huyo hana kazi nyingine ila kuzunguka, kutazama na kunusa, na kumsimamia fundi anapochomea vyuma. Ndiye anayeitwa mlinzi wa moto. Fathiya na Bernardine waliajiriwa kwa sababu alamu za kumbi za chini zilikuwa zinatengenezwa. Lakini hii ya chumba cha kulia ilisemwa kuwa nzima. Hapakuwa na mtu wa kuilinda.

Na juu ya dari hiyo hiyo zilipita nyaya zinazokwenda kwenye chumba cha waongozaji, wale wanaouendesha mtambo wenyewe wa nyuklia.

Moto ungeshika humo, nani angejua?

"Hata kile kitaa chake chekundu hakionekani," Fathiya alisema. "Si nilikwambia? Asubuhi kipo. Saa ya kula hakipo. Alasiri kimerudi."

"Basi wataitengeneza siku ingine."

"Siku ingine gani? Lazima tukaripoti sasa hivi."

Bernardine aliacha kupepea. "Fathiya. Watauliza moshi ulitoka wapi."

Hapo Fathiya naye akarudisha mguu aliokuwa ameshauelekeza mlangoni.

Maana siku hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa Bernardine alikuwa apewe beji ya bluu, beji ya mtu wa kudumu. Mpaka hapo alikuwa wa majaribio, na wa majaribio akifanya kosa moja tu la moto, beji yake inachukuliwa getini. Sasa niambie wewe, mlinzi wa moto aliyeacha chakula kwenye maikrowevu akaenda zake, huyo atapewa beji ya rangi gani?

"Nikitoka hapa," Bernardine alisema polepole, "ninarudia kule kiwanda ya nyama kukata makuku usiku. Miaka yote ile watoto wangu nilikuwa nawaona wamelala. Sasa mimi ndiye nawasuka nywele asubuhi. Joyeuse ananiambia, mama, kumbe unajuaka kuimba!"

Kabla Fathiya hajajibu, mlango ulisukumwa.

"Nani ameangusha ndoana humu?"

Alikuwa Kalume, msimamizi wao, kijana wa Malindi mwenye maneno mengi, ndiye pia anayeendesha gari la kuwaleta kazini kila asubuhi. "Harufu imefika mpaka getini! Askari wananiuliza kama tumefungua soko."

Lakini Fathiya, ambaye macho yake hayalali, aliona kitu. Kalume hakutazama maikrowevu. Alitazama dari kwanza. Kisha akamtazama Bernardine. Kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Haya, tokeni nje mkapunge hewa," alisema harakaharaka. "Mimi nitasafisha."

"Wewe?" Fathiya alishangaa. "Tangu lini wewe ukashika dodoki?"

"Tangu leo."

"Na alamu je? Haikulia, Kalume."

"Nita-check mwenyewe. Usi-report kitu, Fathiya. Utaleta maneno mengi bure. Haya, nje, nje, nje!"

Akawafungia mlango.

Huko nje kwenye ujia, Bernardine alimshika Fathiya mikono yote miwili, akamtazama.

"Weye ni dada yangu. Fanya vile roho yako inakuambia. Mimi sikukatazi."

Afadhali angemkataza! Mtu akikukataza unapata wa kumlaumu.

Fathiya alifikiri. Akawaona watu wa jengo lile, mmoja mmoja, wakila mikate yao chini ya alamu bubu. Akamwona na Joyeuse akisukwa nywele.

"Nitaisema alamu," aliamua. "Samaki simtaji."

"Utaweza?"

"Nani atamuuliza samaki?"

* * *

Ofisi ya usalama ilikuwa ng'ambo ya ua. Mkuu wake aliitwa Natasha, mama wa Kimarekani mwenye miwani aliyoisukuma hadi kwenye nywele, halafu mchana kutwa akaitafuta mezani.

Fathiya alibisha, akaingia. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, lakini adabu ilikuwa ya Mombasa.

"Hujambo, mama? Habari za tangu asubuhi? Poleni na kazi. Na baridi hii, mmeamkaje? Nyumbani wote hawajambo?"

Natasha aliruka kwenye kiti kana kwamba amekanyaga kaa la moto.

"Ni yeye! Jamani, njooni, ni yeye! Bibi wa salamu!"

Watu wakaja mbio kutoka meza za jirani. Mmoja akampa Fathiya mkono. Mwingine akamletea kiti. Fathiya akasimama ameduwaa, hajui kama amekamatwa au amealikwa.

"Bibi wa nini?"

"Ngoja usikie," Natasha alisema, akabonyeza simu ya mezani.

Ilikuwa simu ya usalama, ile ambayo mfanyakazi yeyote akiona jambo la hatari hupiga na kuacha maneno. Mashine yake ina roho fupi. Ikifika nusu dakika inakata, haijali umesema nini. Na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya Fathiya mwenyewe.

"Haloo, hamjambo? Poleni na kazi. Mmeamkaje huko? Wa nyumbani hawajambo? Na wazee, nguvu wanazo? Mshukuruni Mungu. Theluji hii isiwaangushe, tembeeni taratibu. Na wewe unayeisikiliza simu hii, Mungu akupe wepesi. Sasa nililopigia ni kwamba kwenye kile chumba cha ku—"

Tiiit.

Ofisi nzima ikapiga makofi.

"Zote ziko hivyo!" Natasha alisema, macho yakimng'aa. "Tunazisikiliza kila Jumatatu kabla ya mkutano. Hakuna mtu mwingine anayepiga simu hii akatuuliza tumeamkaje. Sisi tulijua unatupenda tu."

"Kuwapenda nawapenda," Fathiya alisema. "Lakini kulikuwa na neno mbele."

"Neno gani?"

"Alamu ya chumba cha kulia haisikii moshi. Kitaa chake hupotea saa ya kula; hilo ndilo nililokuwa nawapigia wiki zote hizi."

Makofi yalikufa.

Natasha alivuta miwani, ikashuka kwenye pua yake. "Kwa nini hukuanza na alamu?"

Fathiya alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nitawavamia watu na alamu, hata sijawajulia hali?"

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Natasha hakucheka. Akavuta kiti karibu.

"Sawa. Sasa niambie. Umejuaje kwamba haisikii?"

Huo ndio mtego, msomaji wangu, nao ulifungwa na mtu asiyejua kuwa anatega.

"Palikuwa na moshi," Fathiya alisema.

"Moshi wa nini?"

"Wa chakula."

"Cha nani?"

"Cha mwenye njaa."

Natasha hakuuliza tena. Akashika redio akamwita Ian.

* * *

Ian alikuwa fundi mkuu wa alamu, mrefu, mwenye ndevu nyekundu, mtu asiyependa kuambiwa kwamba alamu yake ina lolote. Alikuja na ngazi na kopo la moshi, ule moshi wa kupulizia unaotumika kupima. Akapanda. Akapuliza.

Haikuchukua hata pumzi moja.

WIIIIIU! WIIIIIU! WIIIIIU!

Jengo la Nne lote lilitapika watu. Wakatokea mlangoni na vikombe vyao, na mikate yao, mmoja na uma mdomoni. Wakasimama katika maegesho ya magari, theluji hadi vifundoni, baridi ya Februari ikiwang'ata masikio.

"Leo nani tena?"

"Kuna mtu amenusa soksi zake!"

"Supu yangu imeganda. Itazameni! Naweza kuichezea magongo ya barafu!"

Fathiya alitamani theluji ile immeze. Ian akatoka, akaja moja kwa moja mpaka mbele yake.

"Alamu ni nzima. Kitaa kinawaka. Imelia mara ya kwanza nilipopuliza."

"Kitaa kinawaka?" Fathiya alirudia. Wakati wa moshi hakikuwaka. Aliona kwa macho yake!

"Nani mwingine aliuona moshi huo?"

"Mimi niliuona."

"Nimesema nani mwingine. Maana mlinzi wa moto anayeona moshi usiokuwapo, siwezi kumwacha azunguke humu. Siku moto ukija kweli, nani atamwamini?"

Fathiya aliinamisha kichwa. Neno lilikuwa pale pale kwenye meno. Jina moja tu. Akalitafuna, akalimeza.

"Peke yangu," alisema.

"Basi nipe beji."

"MIMI!"

Sauti ile! Ndiyo ile inayopanda juu ya kinanda Jumapili mpaka mchungaji anafumba macho. Watu walipisha njia. Bernardine alikuja akipasua theluji, ameshika sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya foili.

"Mimi niliona moshi. Moshi iko yangu. Samaki iko yangu." Akafunua. "Shahidi ni huyu."

Ian aliinama, akanusa, akarudi nyuma hatua ndefu. Mtu mmoja akapiga ishara ya msalaba.

"Niliacha maikrowevu nikaenda zangu," Bernardine aliendelea, kidevu juu. "Huyu dada alijua, akanificha. Mutu asiadhibiwe juu ya makayabu yangu." Akafungua beji yake shingoni, akamnyooshea Ian.

"Mpumbavu wewe," Fathiya alimnong'oneza, machozi yamemlenga. "Nilikuwa nimeshaweza."

"Uliweza vibaya."

Kabla Ian hajaipokea ile beji, mkono mwingine uliidaka. Natasha! Akamrudishia Bernardine shingoni kama anayemvisha shanga.

"Hapa tuna sheria moja," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Anayejisema mwenyewe hafukuzwi kwa lile alilolisema. Tukifukuza wanaosema, tutabaki na wanaoficha. Ijumaa yako iko palepale, Bernardine."

Shangwe zikapigwa! Hata yule mwenye supu ya barafu alipiga kijiko. Bernardine alimkumbatia Fathiya wakaanguka wote wawili kwenye theluji.

Ungedhani mambo yameisha, sivyo? Bado.

"Samaki nimesamehe," Ian alisema. "Lakini alamu imelia mbele yangu. Haiwezi kuwa kiziwi na kusikia mchana mmoja. Hapa kuna anayedanganya, na alamu haijui kudanganya."

"Basi tupime tena," alisema Natasha. "Kwa samaki."

"Samaki gani? Huyu ni mkaa."

"Iko kipande ingine," Bernardine alisema, akitazama pembeni.

"Ya nani?"

"Ya Kalume. Kila siku namuletea yake."

"Ohooo!" maegesho yakajibu kwa sauti moja.

Fathiya akamtafuta Kalume kwa macho. Kalume alikuwa nyuma kabisa ya umati, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayeletewa samaki kila siku.

* * *

Chumba cha kulia kilijaa kama ukumbi wa harusi. Waliokosa nafasi walichungulia mlangoni. Bernardine aliweka makayabu kwenye sahani, akaiweka sahani mahali pale pale, akabonyeza namba zile zile.

Maikrowevu ikavuma. Watu wakabana pumzi.

Harufu ikaja kwanza. Kisha uzi mwembamba wa moshi.

WIIIIIU!

Hata samaki hajabadilika rangi!

Ian aliizima alamu, akageuka polepole. "Samaki wa aina ile ile. Maikrowevu ile ile. Alamu imelia."

"Lakini haikulia!" Bernardine alisema. "Fathiya, si haikulia?"

"Haikulia, wallahi."

"Bibi Uwineza," Ian alisema, na sasa hata hakuonekana mwenye hasira, alionekana mwenye huzuni, jambo ambalo ni baya zaidi. "Sheria ya Natasha inamlinda anayesema kweli. Haimlindi anayeisingizia alamu. Samahani. Beji."

Natasha alifungua mdomo. Alamu ilikuwa imesema kabla yake.

Bernardine aliivua tena beji. "Mungu anaona," alisema, akamwekea Ian kiganjani.

Wakati huo wote, macho ya chumba kizima yalikuwa kwenye dari. Ya Fathiya hayakuwapo. Yeye kazi yake ilikuwa kutazama mahali wengine hawatazami, basi akawatazama watu. Vinywa wazi, shingo zimenyooka. Isipokuwa mmoja. Kalume alikuwa anaitazama ile beji kiganjani mwa Ian, na mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni mwa koti, unakunja kitu, unakunjua, unakunja.

Ukingo wa kitu hicho ulichungulia. Plastiki nyeupe. Yenye mpira pembeni.

Akilini mwake Fathiya akamwona shangazi yake Fatimah! Akamwona Cedar-Riverside, nyumbani kwao, kila Alhamisi jioni, amepanda juu ya kigoda kwa sababu anataka kuchoma udi na hataki kelele. Anaivisha alamu kofia ya kuogea. Na kila Alhamisi Fathiya humkaripia, na shangazi humjibu, "Dakika mbili tu, mwanangu, hata haitajua."

Alamu haikuwa kiziwi. Ilikuwa imevishwa kofia! Ndiyo maana kitaa kilipotea saa ya kula na kurudi alasiri. Ndiyo maana Kalume alitaka abaki peke yake asafishe. Kalume, ambaye hata kikombe chake hakioshi!

"Kalume," Fathiya aliita, kwa upole tu. "Baridi imekupata? Mbona hutoi mkono mfukoni?"

Vichwa vyote vikageuka.

Kalume angeweza kucheka. Angeweza kusema neno lake la mzaha, watu wangemcheka naye, akaponyoka. Alimtazama Bernardine aliyesimama bila beji. Akapita katikati ya watu mpaka mezani, akautoa mkono, akakiweka kile kitu mbele ya Ian.

Kofia ya kuogea. Nyeupe kama dari.

"Mrudishie beji yake," alisema. "Hakudanganya. Kila siku kabla hajaja kupasha chakula, mimi napanda kwenye kiti naivisha alamu hii kofia. Akimaliza kula, naivua. Leo niliivua baada ya kuwatoa nje."

Ian aliitazama kofia, akamtazama yeye. "Kwa nini?"

Chumba kizima kilishajua kwa nini, isipokuwa Ian.

"Ile samaki yake inatoa moshi," Kalume alisema. "Niliona ipo siku italia, wamfukuze."

"Ulifanya haya yote kwa ajili ya samaki?"

"Si ya samaki. Ya mwenye samaki."

"OHOOOO!"

Mtu alipiga meza. Mtu alipiga mluzi. Natasha alitafuta kitambaa cha kujifutia macho, na miwani ikaanguka. Bernardine peke yake hakucheka. Alisimama na mikono kiunoni, machozi hayajakauka, hasira imeshafika.

"Weye! Wiki zote hizi? Badala ya kuniambia neno moja, unafunga alamu?"

"Neno ni gumu kuliko kupanda kiti, Bernardine."

"Na moto ingekuja kweli? Ungetuchoma wote hapa juu ya mapendo yako? Mimi nina watoto, Kalume!"

Hapo kicheko kiliisha chenyewe. Kalume aliinamisha kichwa.

"Nimekosa," alisema. "Hilo sikulifikiri. Nilikufikiria wewe tu. Wanifukuze mimi."

Bernardine alimtazama. Hasira haikuondoka, lakini ilisogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. "Tutaongea," alisema. "Vizuri sana tutaongea."

Fathiya alimkanyaga Bernardine mguu kwa furaha.

Natasha alikuwa ameiokota ile kofia. Aliigeuza, akauvuta mpira wake, akakunja uso.

"Kalume, hii umeinunua wapi?"

"Sikuinunua. Niliitoa Jengo la Saba."

"Uliitoa vipi?"

"Nilipoanza kazi hapa nilipita kule, nikakuta alamu za dari nzima zimevishwa kofia hizi. Nikadhani ndiyo desturi yenu. Nikachukua moja." Alitazama nyuso zilizomzunguka. "Kwani sivyo?"

Ndevu za Ian zilibaki nyekundu, lakini uso nyuma yake uligeuka rangi ya ile kofia.

"Dari nzima?"

"Zote. Kama watoto wachanga kliniki."

Jengo la Saba ndilo lenye jenereta za dharura, msomaji wangu. Umeme ukikatika siku yoyote, hizo ndizo zinazosukuma maji ya kuupoza mtambo. Kwenye karatasi za mezani kwa Ian, alamu za huko zote ziliandikwa kuwa nzima.

Ian alinyakua redio. "Jengo la Saba! Nani yuko humo?"

Redio ilikwaruza. "Mimi huku. Fundi wa kuchomea vyuma. Kuna nini?"

"Usiwashe moto wako!"

"Nimeshawasha, bwana. Nilingoja mlinzi wangu wa moto mpaka nikachoka. Hajatokea."

"Mlinzi wako nani?"

"Nimeambiwa Bernardine. Yuko wapi huyo mama? Si tulipangiwa naye baada ya chakula?"

Ian alitazama ngumi yake. Ndani ya ngumi ile, utepe ukining'inia kati ya vidole, ilikuwa beji ya Bernardine.

Hakuomba radhi, nafasi ya kuomba radhi haikuwapo. Aliirusha. Bernardine akaidaka hewani kwa mkono ulionuka makayabu, na alipomaliza kuivaa alikuwa ameshapita mlango. Fathiya alikuwa nyuma yake, ushungi ukipepea. Nyuma ya Fathiya alikuwa Kalume, amekumbatia mtungi wa kuzimia moto kama mtoto, theluji ikiruka kila upande.

Chumbani walibaki wameizunguka redio. Ikakohoa.

"Ian," ilisema sauti ile ile, safari hii taratibu. "Nani anapika huku? Kuna kitu kinaungua."